MAKISIO YA ARUSI YA MJINI

Maneno yaliyosemwa na Kamati ya Elimu mbele ya Wanachama katika Sikukuu ya Miaka Kumi ya Chama Kikuu



Leo mmekwisha kusikia habari za ghala, za mizani, na za minada. Mmesikia jinsi kakao yetu inavyokusanywa na mpunga wetu unavyotafutiwa soko. Hayo yote ni habari za fedha inavyoingia. Sisi wa Kamati ya Elimu tumepewa nafasi ya kusema habari ya mlango mmoja ambao fedha hiyo hutokea, nao ni arusi. Na hasa arusi ya mtoto wetu aliyeko mjini Dar es Salaam.

Pengine atakuwapo mtu atakayeuliza, "Je, arusi ina uhusiano gani na ushirika?" Jibu letu ni fupi. Kazi ya misimu miwili mizima, ya kupalilia, kuchuma, kuvundika na kuanika, yaweza kuondoka nyumbani katika usiku mmoja. Na asubuhi yake mwanachama yule hurudi kwa karani wa chama chake akiomba alipwe kakao ambayo bado imo mtini. Hapo arusi huwa imekwisha kuwa jambo la ushirika, tupende tusipende.

Hatukuja kuzikataza arusi. Arusi ni furaha, ni heshima, na ni kiungo cha koo mbili. Tumekuja kusema jambo moja tu: ya kwamba arusi ihesabiwe kwa fedha iliyokwisha kufika mkononi, wala si kwa ahadi, wala si kwa bei tunayoitumainia.

TUNAYOYAJUA TAYARI

Ndugu Wanachama, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta elimu hii. Tunayo humu humu chamani. Kila mwaka katika Mkutano Mkuu tunaletewa makisio ya mapato na matumizi. Tunayasoma fungu kwa fungu, na mara nyingi mjumbe mmoja husimama na kuuliza kwa nini fungu la safari za viongozi limeongezeka. Baada ya hapo tunapitisha ukomo wa madeni, maana yake kiasi ambacho chama kisikivuke katika kukopa. Mwaka ukiisha, wakaguzi huja, na taarifa yao husomwa mbele yetu.

Basi, mtu yule yule anayemhoji Katibu juu ya fungu la karatasi na wino, akirudi nyumbani hupanga arusi ya mamilioni bila makisio, bila ukomo wa madeni, na bila taarifa ya mwisho. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema ni mali ya chama peke yake.

Kwa hiyo tutayachukua mambo hayo matatu, makisio, ukomo wa madeni na taarifa, tuyaingize katika arusi.

NG'OMBE NA AHADI

Lakini kwanza tutazame nyuma kidogo. Wazee wetu walikuwa na makisio yao, ingawa hawakuyaandika. Katika miaka ya 1930 Bwana Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa huku kwetu wakijifunza desturi za Wanyakyusa. Na mwaka 1951 Bibi Monica Wilson alichapisha kitabu chake kiitwacho Good Company. Aliyaandika mambo ambayo wazee wetu hata leo wanayakumbuka: ya kwamba ndoa ilifungwa kwa ng'ombe, na ya kwamba ng'ombe walioingia nyumbani kwa ajili ya binti ndio waliotoka kwa ajili ya kaka yake. Kijana ambaye baba yake hakuwa na ng'ombe alingoja, au alikwenda kutafuta kazi, kama wengi walivyokwenda katika machimbo ya dhahabu ya Lupa.

Hatusemi ya kwamba zamani mambo yote yalikuwa mema. Vijana wengi walingoja mno, na mabinti hawakuulizwa kila mara. Lakini twaona hekima moja. Ng'ombe huonekana kwa macho. Akiwapo zizini, yupo, asipokuwapo, hayupo. Mtu hakuweza kumpeleka ukweni ng'ombe wa ahadi.

Arusi ya mjini imejengwa juu ya kitu kingine. Inaundwa kamati, kadi za michango zinatumwa, majina yanaandikwa katika orodha, na mbele ya kila jina inaandikwa ahadi. Mwenyekiti wa kamati hujumlisha ahadi hizo, na jumla yake huitwa fedha. Ukumbi huagizwa kwa jumla ile. Wapambaji na wapishi huagizwa kwa jumla ile. Nasi twajua ya kuwa ahadi ni deni. Lakini deni la mwenzako si fedha yako mpaka amekulipa.

TUANZE NA LILILO LAZIMA

Sasa tuingie katika makisio. Mwenye kupanga yampasa kwanza atenge lililo lazima na lililo hiari, maana kupanga ni kuchagua.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mambo machache. Bwana na bibi wawe wamekubaliana kwa hiari yao. Watoe taarifa ya kusudio la kuoana siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa. Wawepo mashahidi. Sheria hiyo inasema pia ya kwamba ndoa iliyotimiza masharti haibatiliki kwa sababu ya kukosekana kwa mahari au zawadi za desturi. Wala haikutaja ukumbi, keki, wala msafara wa magari.

Zaidi ya sheria kuna dini na desturi. Kanisa au msikiti una utaratibu wake, na wazee wa pande mbili wana haki yao ya kukutana, kusikilizana juu ya mahari, na kuwabariki watoto. Hayo nayo twayaita lazima, kwa kuwa bila hayo amani haikai nyumbani. Yote yaliyobaki ni hiari. Yaweza kuwa mazuri sana, lakini ni hiari. Na jambo la hiari hulipwa kwa fedha iliyopo.

MAFUNGU MATATU YA MATUMIZI

Matumizi ya arusi ya mjini twayagawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la vichwa, yaani gharama inayopanda kila mgeni anapoongezeka: chakula, vinywaji, kadi na viti. Mpishi wa mjini hulipwa kwa idadi ya sahani, naye huambiwa idadi hiyo siku kadha kabla. Sahani ambayo mgeni wake hakuja imelipwa vile vile.

Fungu la pili ni gharama ya mahali na shughuli: ukumbi, mapambo, muziki na mshereheshaji, picha, mavazi na pete, na magari. Gharama hizi hazifuati kila mgeni mmoja mmoja, lakini huruka kwa kishindo ukumbi unapokuwa mkubwa, maana ukumbi mkubwa hudai mapambo mengi.

Fungu la tatu ni la yanayosahauliwa, nalo ndilo linalotuuma sisi tulio mbali. Kutoka Kyela, kupanda Tukuyu hadi Uyole, kisha kupita Makambako, Iringa na Morogoro hadi Dar es Salaam, ni safari ya zaidi ya kilometa 900. Wazee watakaosafiri watahitaji nauli ya kwenda na ya kurudi. Wakifika wataomba mahali pa kulala, na nyumba ya kijana mwenye vyumba viwili haitoshi. Watakula asubuhi, mchana na jioni kwa siku nne. Tena kuna sare za akina mama, sadaka, nauli za wanakamati wanaozunguka mji huo wenye watu 5,383,728 kwa hesabu ya Sensa ya mwaka 2022, na mwisho kuna ile karamu ya kuvunja kamati. Kamati ya mjini mara nyingi haiandiki mambo haya, kwa kuwa haiyaoni. Mzazi wa Kyela ndiye anayeyalipa kimya kimya.

Hatukutaja bado sherehe ya kumfunda bibi arusi, ambayo mjini huiita kicheni pati, wala sherehe ya kumuaga binti kwao. Kila moja ya hizo ina kamati yake na daftari lake, na mara nyingi wachangaji wake ni watu wale wale. Anayeombwa mara tatu kwa arusi moja asilaumiwe akitoa mara moja.

HESABU YA KWANZA

Sasa tuseme mzee mmoja anamwoza mwanawe Dar es Salaam. Tarakimu hizi ni za mfano tu, si bei ya ukumbi wowote wala ya mpishi yeyote. Kila mtu ataziondoa na kutia bei alizoziuliza mwenyewe.

Wageni ni 300. Waliotoa ahadi ni watu 100, na kila mmoja ameahidi wastani wa Sh. 200,000/-, jumla Sh. 20,000,000/-. Kila mwenye ahadi hupewa kadi ya watu wawili. Hao ni wageni 200. Waliobaki 100 ni jamaa na watu waliopewa kadi za heshima. Familia yenyewe inazo Sh. 5,000,000/- mkononi.

Chakula na vinywaji, watu 300 kwa Sh. 30,000/-: Sh. 9,000,000/-.
Ukumbi: Sh. 3,000,000/-.
Mapambo: Sh. 2,000,000/-.
Muziki na mshereheshaji: Sh. 1,500,000/-.
Picha: Sh. 1,500,000/-.
Mavazi na pete: Sh. 1,500,000/-.
Magari: Sh. 500,000/-.

Kamati ya mjini inajumlisha: Sh. 19,000,000/-. Ahadi na fedha ya familia ni Sh. 25,000,000/-. Wanapongezana, na mmoja anashauri iongezwe bendi.

Lakini tuongeze fungu la yanayosahauliwa. Wazee 12 wa kutoka Kyela, nauli ya kwenda na kurudi Sh. 120,000/- kila mmoja, ni Sh. 1,440,000/-. Malazi na chakula cha nyumbani ni Sh. 1,200,000/-. Mambo madogo madogo ni Sh. 360,000/-. Hizo ni Sh. 3,000,000/-, na jumla imekuwa Sh. 22,000,000/-. Tutie na akiba ya dharura, sehemu moja ya kumi, Sh. 2,200,000/-. Arusi imefika Sh. 24,200,000/-.

Sasa tutazame mapato. Katika wale 100, tuseme 60 ni watu wa karibu: ndugu, wenzi wa kazi, na watu ambao familia hii imekwisha kuwachangia. Waliahidi Sh. 12,000,000/-, na robo tatu yake ikalipwa, yaani Sh. 9,000,000/-. Wale 40 wengine ni watu wa mbali walioandikwa ili orodha iwe ndefu. Waliahidi Sh. 8,000,000/-, wakatoa Sh. 3,000,000/-. Jumla ya michango ni Sh. 12,000,000/-; pamoja na fedha ya familia, Sh. 17,000,000/-. Upungufu ni Sh. 7,200,000/-.

Upungufu huu haujulikani mwezi mmoja kabla. Hujulikana siku tatu kabla, wakati ukumbi umelipiwa nusu na kadi zimekwisha kugawiwa. Hapo ndipo simu hupigwa Kyela.

HESABU YA PILI

Tuichukue familia ile ile, yenye Sh. 5,000,000/- zile zile, lakini safari hii waanze na mapato. Wawaombe wale 60 wa karibu tu. Wasiandike ahadi ya Sh. 12,000,000/-; waandike Sh. 9,000,000/- wanazotarajia kwa haki kuzipata. Basi uwezo wao ni Sh. 14,000,000/-, na arusi ikatwe kwa kipimo hicho.

Wageni ni 120 wa kadi na jamaa 30, jumla 150.

Chakula na vinywaji: Sh. 4,500,000/-.
Ukumbi mdogo zaidi: Sh. 1,500,000/-.
Mapambo: Sh. 1,000,000/-.
Muziki na mshereheshaji: Sh. 800,000/-.
Picha: Sh. 700,000/-.
Mavazi na pete: Sh. 900,000/-.
Magari: Sh. 300,000/-.
Safari ya wazee na yanayosahauliwa, bila kupunguza hata senti: Sh. 3,000,000/-.
Jumla: Sh. 12,700,000/-. Akiba ya dharura: Sh. 1,270,000/-. Jumla kuu: Sh. 13,970,000/-.

Imebaki Sh. 30,000/-, ya kumnunulia bibi sukari.

Tunawaomba mtazame jambo moja katika hesabu hizi. Wale watu 40 wa mbali walileta Sh. 3,000,000/-. Lakini kwa kuona haya, kadi zao zilitolewa hata kwa wasiolipa, na sahani zao 80 ziligharimu Sh. 2,400,000/-. Faida yao ni Sh. 600,000/-. Na kwa ajili yao, pamoja na wale 70 wa kadi za heshima, tulichukua ukumbi uliozidi kwa Sh. 1,500,000/-. Faida ile haikulipa hata nusu ya ziada ya ukumbi. Ndiyo maana twasema orodha ndefu si utajiri.

Wala si sisi peke yetu tunaosumbuka. Nchi ya Tajikistani ilitunga sheria mwaka 2007 ya kuzuia karamu za fahari, ikaweka kikomo cha wageni 150 katika arusi, kwa sababu wananchi walikuwa wakizama katika madeni. Sisi hatuiombi Serikali ituhesabie wageni. Twaomba tuwahesabu wenyewe kabla kadi hazijachapwa.

Na wale majirani zetu wa kijijini, watakosa karamu? La. Watoto wakija nyumbani kuwasalimu wazee, watu watakula wali wa Kyela wenye harufu nzuri, na ndizi, na samaki wa ziwa, na ng'oma itapigwa. Lakini mchele huo nao uandikwe katika daftari kwa bei ya soko la siku ile, maana gunia lililopikwa ni gunia ambalo halikuuzwa. Na mama ambaye mikono yake iliupanda mpunga ule aulizwe kabla halijafunguliwa.

UKOMO WA MADENI

Sasa tuje katika jambo zito zaidi. Yuko mwanachama mwenzetu mmoja ambaye hatutamtaja, maana habari yake ni ya wengi. Mwaka 2023 alimwoza binti yake mjini. Upungufu ulipotokea, alimwendea mtu mwenye fedha, akamwuzia kakao ingali mtini, mavuno ya msimu uliofuata, kwa bei ya siku ile ya shida. Arusi ikafana. Kisha ukaja mwaka 2024.

Nyote mnakumbuka mwaka ule. Huko Ghana na Kodivaa, nchi mbili zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, mvua na magonjwa ya miti viliharibu mavuno. Mwezi Machi 2024 bei katika soko la New York ilipita dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza, na mwezi Desemba ikapita dola 12,000. Wakulima wa Kyela walipata bei ambayo baba zao hawakuiota. Mwenzetu yule aliamka alfajiri kama wote, akachuma, akavundika, akaanika, kisha akaibeba kakao ile na kumpelekea mwenyewe. Watoto wake wawili walirudishwa nyumbani kwa ada mwaka ule ule.

Wakulima wa kahawa wa Kagera wanalo jina la biashara hii ya kuuza zao likiwa mtini; wanaiita butura, nao wanajua machungu yake. Nasi tusiichukulie kuwa ni msaada. Ni mkopo, na riba yake ni tofauti yote ya bei.

Tena kuna kosa la upande wa pili. Walioona bei ya 2024 walipanga arusi za 2025 kwa kipimo cha bei ile. Lakini bei ya dunia haikukaa. Mwishoni mwa mwaka 2025 ilikuwa imeshuka hata karibu nusu ya kilele chake. Bei iliyopanda kwa sababu ya msiba wa shamba la mwingine hushuka shamba lile linapopona. Kwa hiyo mtu asiiandike katika makisio ya arusi bei ya mnada ambao haujafanyika.

Basi ukomo wetu wa madeni kwa arusi uwe namna hii. Kwanza, zao lisiuzwe likiwa mtini wala likiwa bichi kwa ajili ya karamu. Pili, shamba lisiwekwe rehani. Tatu, fedha ya ada, ya pembejeo na ya bima ya afya isiguswe. Hiyo si ya arusi hata ikiwa imelala katika sanduku moja nayo. Nne, mtu asiikaribie mikopo ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Akilazimika kukopa, akope katika SACCOS yake, kiasi ambacho mauzo ya msimu mmoja wa kawaida yaweza kukilipa na nyumba ikala.

Njia iliyo bora ni kuanza mapema. Zile Sh. 5,000,000/- za familia katika mfano wetu hazikuanguka kutoka mbinguni. Mwenye kuuza katika minada 20 kwa misimu miwili, akitenga Sh. 250,000/- katika kila mnada, amezipata zote, na hakuna aliyempigia simu ya kumdai.

TAARIFA YA MWISHO

Wengine wametuambia, "Mimi nimewachangia wenzangu miaka ishirini, je, sina haki ya kuchangiwa?" Unayo, ndugu. Michango ni ushirika wa zamani kuliko ushirika wa hati, nasi hatuupingi. Tunachokiomba ni kwamba usomwe jinsi ulivyo: ni kuazimana. Aliyekupa Sh. 200,000/- leo ana mtoto wa kidato cha pili ambaye naye ataoa. Kwa hiyo baada ya arusi daftari la michango lisitupwe. Liandikwe safi, jina na kiasi, likabidhiwe kwa bwana na bibi arusi wenyewe, wajue ni kwa nani watapaswa kusimama siku yake.

Tena kamati isome taarifa kabla ya kuvunjwa: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na anayedai. Likibaki deni, ligawanywe mbele ya wote, lisiachwe litambae usiku mpaka Kyela kwa mzee ambaye hakuagiza keki. Na maharusi wenyewe wasifichwe makisio. Nyumba mpya inayoanza bila kujua deni lake inaanza kwa giza.

Jambo la aibu nalo tuliseme wazi. Wengi hawaogopi gharama. Wanaogopa maneno ya watu. Lakini maneno ya watu juu ya ukumbi mdogo hudumu juma moja. Maneno juu ya shamba lililochukuliwa hudumu mpaka kwa wajukuu.

MAPENDEKEZO

Bwana Mwenyekiti, tunaleta mapendekezo matatu kwa Vyama vya Msingi.

La kwanza, karani wala kiongozi yeyote asimlipe mwanachama kabla ya mnada kwa sababu ya arusi, hata kama mwanachama huyo ni shemeji yake au mjumbe wa bodi. Fedha ya chama ni ya wote, na huruma ya mtu mmoja kwa fedha ya wote ni hasara ya wote.

La pili, kila chama kitenge siku moja kwa mwaka kuwafundisha wanachama namna ya kufanya makisio ya nyumbani, na wake na waume wakae pamoja siku hiyo.

La tatu, SACCOS zetu zifungue fungu la akiba ya arusi, ambalo mzazi ataanza kulijaza misimu miwili kabla, na lisifunguliwe kwa jambo jingine.

Miaka kumi iliyopita tulipokubaliana kuunganisha vyama vyetu, tuliambizana ya kwamba mkulima atauza kwa mizani iliyo sawa na kupata jasho lake. Kwa sehemu kubwa tumefaulu. Lakini mizani ya ghalani haitatufaa kitu ikiwa nyumbani hatupimi. Tuwaozeni watoto wetu kwa furaha, ng'oma ilie, na akina mama wapige vigelegele. Na asubuhi yake kila mmoja wetu aamke akiwa na shamba lake, na miti yake, na kakao iliyo juu ya miti ile iwe yake.

Udumu Ushirika wetu.